Gogo la Mkwaju

Pikapu ya marehemu Hussen ilikuwa na kila kitu isipokuwa adabu ya kukaa pale ilipowekwa. Injini iliwaka kwa ufunguo wa kwanza, taa zilikuwa nzima, na honi yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Lakini hendibreki ilikuwa imekufa. Ukiuvuta ule mkono wake kando ya kiti, ulipanda wote mpaka juu, mwepesi, bila kushika kitu. Kuiacha kwenye gia nako hakukusaidia, kwa sababu gia ilikuwa kuukuu na gari likiwa na mzigo mlimani ilichomoka. Kwa miaka kumi na moja kitu pekee kilichoizuia pikapu ile isiende zake kilikuwa gogo la mkwaju lenye kamba ya kushikia, na mshika gogo alikuwa Zuwena, mkewe Hussen.

Walikuwa na utaratibu wao. Hussen alisimamisha gari kwa breki ya mguu na mguu hakuubandua. Zuwena alifungua mlango, akateremka na gogo, akalisukumiza chini ya tairi la nyuma, kisha akapiga bodi makofi mawili. Pa, pa. Hapo tu ndipo Hussen alipoachia mguu, gari likajisogeza kidogo, likaegemea gogo, likatulia. Kofi moja halikuhesabiwa, maana kofi moja anaweza kulipiga mpita njia yeyote mwenye mkono usiotulia. Mawili yalikuwa ya Zuwena. Waliishi hivyo kwenye soko la Lindi na kwenye vilima vya ndani, hata safari ndefu za Pande na Mitole huko Kilwa walikokwenda kuchukua nazi na mihogo, na gari halikuwakimbia hata siku moja.

Sasa Hussen alikuwa kaburini mwezi wa nne, na Zuwena alikuwa eda nyumbani kwao Mitwero. Miezi minne na siku kumi. Hatoki nje bila dharura, hajipaki manukato, havai rangi, na wanaume wasio maharimu zake hawavuki lango la ua. Siku za mwanzo nyumba ilijaa hadi watu wakalala kwenye baraza. Baada ya khitma wakaanza kuondoka, na ilipofika arubaini alibaki Shamimu wa nyumba ya pili, ambaye alikuja mbio na kuondoka mbio kwa sababu naye ana wanawe. Zuwena alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo. Alikaa barazani akiitazama pikapu imeegemea gogo lake chini ya mkorosho, na kila gari lilipopunguza mwendo kwenye mteremko wa barabara, mkono wake ulijikuta unatafuta kamba.

Shemeji yake Abdulrazak, mdogo wake marehemu, alikuja siku moja kutoka Pande. Aliketi nje ya lango na kuzungumza naye kwa kupitia pazia, kama heshima inavyotaka.

"Shemeji, mirathi imeshapita kwa sheikh. Gari ni lako, hakuna anayebisha."

"Alhamdulillahi."

"Lakini utalifanyia nini? Lile ni gari la watu wawili. Mmoja aendeshe, mmoja aweke gogo. Sasa umebaki mmoja. Ukitoka eda, Ijumaa yake nitakuja nilichukue, likae kwangu Pande. Nitakuletea unga na nazi, hutapungukiwa."

Zuwena alijua kuendesha. Hussen alimfundisha kwenye mashamba ya chumvi msimu ambao hayana kazi, akamsukuma mpaka akapata leseni, kisha leseni ikakaa kabatini, maana angeendesha yeye nani angeweka gogo?

"Na nikilifanya lisimame lenyewe?" aliuliza.

Abdulrazak akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alikuwa mtu mwema, tena wa ule wema unaokukatia shauri kabla hujafungua mdomo. "Shemeji, kaka yangu limemshinda miaka yote hiyo. Basi, likisimama lenyewe hapo kwenye mteremko wa lango, bila gogo, mimi nitarudi Pande na basi nililokuja nalo, na sitalitaja tena."

"Tumepatana," alisema Zuwena, na sauti yake ilimshtua mwenyewe.

Hakuogopa njaa. Aliogopa nyumba. Aliijua nyumba ile inavyoweza kumshika mtu, kwa sababu ilishawahi kumshika. Esha, mtoto wao wa pekee, alifariki kwa homa akiwa na miaka minane, na Zuwena akaingia ndani. Hakuna aliyemwekea eda kwa ajili ya mtoto, sheria hiyo haipo, ila alikaa ndani karibu mwaka mzima. Sokoni hakwenda, harusini hakwenda, hata misibani hakwenda, jambo ambalo watu wa Mitwero hawalisamehe upesi. Alikula akilazimishwa. Hussen alimsemesha, akamnyamazia, akamleta shangazi yake kutoka Mitole, na shangazi akarudi Mitole.

Ndipo jioni moja Hussen akaingia ndani na uso uliokunjamana. "Bibie, hendibreki imekufa. Gari limenikimbia leo, kidogo tu liparamie meza ya mama ntilie. Kesho nina nazi za kupeleka juu, milima mitupu. Nani ataniwekea gogo?"

"Tafuta utingo."

"Nimemtafuta. Utingo analala garini. Atakuja kuua watu."

Zuwena alikuwa na majonzi yake, ila hakutaka yaue watu wengine. Akaenda kwa siku moja tu. Alirudi jioni ana vumbi mpaka kwenye kope, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaomba chakula kabla hajapewa. Kesho yake hendibreki ilikuwa bado imekufa. Akaenda tena.

Kila mwaka, baada ya Idd, Hussen alikuwa na swali lake. Alilileta wakati wa kula, macho kwenye sahani. "Umechoka na gogo? Siku utakayochoka niambie. Nitaitengeneza siku hiyo hiyo."

"Wewe!" Zuwena alimcheka. "Imekushinda miaka yote hii, leo uitengeneze kwa siku moja?"

"Siku hiyo hiyo."

"Basi bado sijachoka."

Na Hussen alitikisa kichwa, akavuta sahani karibu, akala vizuri sana.

Abdulrazak alipoondoka, Zuwena alimpigia simu Ambrosi, fundi wa magari wa mjini aliyekuwa akiihudumia pikapu.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa, Ambrosi. Nieleze hendibreki inavyotengenezwa."

"Nitakuja kesho, mama."

"Huwezi kuja, niko eda. Nieleze tu."

Ambrosi ni Mkatoliki na hakuwa na uhakika eda inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa hiyo hakubisha. Kisha akasema, "Cha ajabu ni kwamba mzee hakuniruhusu kuigusa ile hendibreki. Klachi nilimfanyia, breki za mguu nilimfanyia. Nikitaja hendibreki alikuwa anasema, hiyo iache, ni mambo ya nyumbani."

"Ubahili huo," alisema Zuwena.

"Huenda, mama. Haya, andaa jeki. Tutaanza na matairi ya nyuma, ugonjwa huwa umelala huko. Na tafadhali, kwanza weka mawe matairi ya mbele, mbele na nyuma yake."

"Mimi ndiye wa kufundishwa kuweka gogo?" Ambrosi akacheka, na Zuwena akagundua kuwa hajamchekesha mtu tangu msiba uingie.

Asubuhi alijifunga kanga kuukuu juu ya nguo zake nyeupe za eda na kuanza. Nati zilikuwa zimeshikana na kutu ya chumvi, maana kule kwetu hata kijiko kikisahauliwa nje kinaota kutu. Alisimama juu ya spana kwa miguu miwili, akaruka, nati ya kwanza ikakubali. Za pili na tatu zilikubali kwa matusi. Alipiga jeki, akatoa tairi, akakuta ile drami ya chuma inayofunika breki imegoma kabisa, hata kwa nyundo.

"Usiipige," alisema Ambrosi kwenye simu. "Ina matundu mawili madogo usoni. Tafuta boliti mbili zinazoingia. Kaza hii kidogo, kaza ile kidogo. Itajisukuma yenyewe."

Ilijisukuma. Ilitoka na mlio mmoja mkavu, vumbi jeusi likammwagikia mapajani. Shamimu aliyekuwa anapita na sahani ya bokoboko alisimama katikati ya ua akashika kiuno.

"Dada! Eda gani hii ya grisi?"

"Grisi si manukato," alisema Zuwena.

"Kweli. Grisi si manukato." Shamimu alicheka mpaka akalazimika kuiweka sahani chini, kisha mtoto akalia huko kwake naye akakimbia.

Ndani ya drami mambo yalikuwa mazima. Breki shuu, zile pedi zinazobana drami, zilikuwa nene, kwani Ambrosi mwenyewe alizibadilisha mwaka uliopita kwa ajili ya breki ya mguu. Kulikuwa na kijichuma ambacho kebo ya hendibreki hukivuta ili shuu zitanuke. Zuwena akakivuta kwa plaizi, shuu zikatanuka vizuri. Akakiachia, zikarudi.

"Hapo pazima," alisema Ambrosi. "Nenda upande wa pili."

Upande wa pili ulimla siku nzima ya kesho yake, ukamvunja kucha mbili, na huko nako palikuwa pazima. Alirudisha matairi, akakaza nati, akaketi chini mgongo ukimuuma. Siku mbili za kazi na hakuna alichotengeneza. Alifikiria kumpigia Abdulrazak amwambie aje tu alichukue. Mtu wa kumwambia "jikaze, bado kidogo" hakuwepo, na kujiambia mwenyewe hakuna ladha.

Siku ya tatu alitandika jamvi chini ya gari na kuingia kwa mgongo, simu ameiweka kifuani. Ambrosi alimwambia afuate kebo kutoka tairini kwenda mbele. Kebo mbili, moja kila upande, zilikutana katikati kwenye kipande cha chuma. Hapo, alisema Ambrosi, ndipo kebo kubwa inayotoka kwenye mkono wa hendibreki hufungwa kwa pini.

"Unaiona hiyo kubwa?"

Kwenye kile chuma hakukuwa na kebo kubwa. Palikuwa na tundu tupu. Zuwena alitafuta kwa macho mpaka akaiona juu kidogo, imekunjwa pembeni na kufungwa kwa waya kwenye chesesi, fremu ya gari, na ncha yake imeviringishwa kitambaa. Alisokota waya ule mpaka ukaachia. Kitambaa kilikuwa kizito kwa grisi, lakini kwenye pindo alitambua maua ya kijani. Ilikuwa kanga yake. Ilichanika zamani na kipande chake akakitafuta asikipate. Alikifungua. Ndani mlikuwa na ncha ya kebo, nzima, na pini yake, na kikufuli cha pini. Vyote viling'aa. Havikuwa na doa la kutu, na grisi ilikuwa ya njano, mbichi, ya mwaka huu.

"Mama? Kebo imekatika?"

"Haijakatika."

"Imechomoka, basi."

"Imechomolewa, Ambrosi."

Ambrosi akasema taratibu kwamba basi kazi iliyobaki ni ya dakika mbili tu, arudishe pini, akaze nati ya marekebisho. Akaaga kwa adabu na kukata simu.

Zuwena alibaki chali, kitambaa mkononi. Kwanza alikasirika, na alikasirika barabara. Miaka kumi na moja! Matope ya masika ya Mitole, alipozama mpaka magotini huku Hussen amekaa garini mkavu, mguu kwenye breki. Pande, gogo lilipomwangukia dole gumba na kucha ikang'oka. Siku ile ya homa alipojikokota kwenda kuweka gogo kwa sababu gari litaua watu. Litaua watu! Na muda wote huo hendibreki ilikuwa nzima, imefungwa juu ya chesesi kama nyama ya akiba.

"Na kucha yangu, Hussen?" alisema kwa sauti. "Kucha yangu nitaidai kwa nani?"

Alitaka kugombana, ugomvi wa kweli, wa kuanzia chai ya asubuhi mpaka alasiri, na mtu pekee wa kugombana naye hayupo. Hata angemweleza Shamimu, Shamimu angecheka tu, na Abdulrazak angesikitika. Aliyestahili kulisikia jambo lile ndiye aliyelifanya. Hapo ndipo alipolia, machozi yakimwingia masikioni kwa vile alivyolala.

Kilio kilipopungua, likamjia lile swali la kila mwaka. Umechoka na gogo? Siku utakayochoka niambie, nitaitengeneza siku hiyo hiyo. Hussen alikuwa akimuuliza kitu kingine kabisa. Alikuwa akimuuliza kama bado anataka kutoka ndani, kama bado anataka kwenda naye. Na ndiyo maana kila mwaka aliingia chini ya gari akabadilisha grisi, ili siku mkewe akisema amechoka asimcheleweshe hata saa moja. Naye kila mwaka alimjibu bado, akimcheka.

Pini ilikuwa mkononi mwake na tundu lilikuwa juu ya pua yake. Hakuirudisha. Aliiviringisha tena kwenye kile kitambaa, akatoka chini ya gari, akanawa. Kuirudisha pini ile ilikuwa kusema amechoka, na neno hilo hakuwahi kumwambia.

Siku zilizobaki za eda alizimaliza hivyo, gari limeegemea gogo, ndani yeye na kitambaa. Alioga na kutoka eda siku ya Jumatano. Shamimu alimfukiza udi, akamvisha gauni la rangi ya samli, akamuuliza kama gari limepona. Zuwena akasema bado kidogo. Alhamisi ikapita.

Ijumaa asubuhi, watu walipoanza kufua kanzu, alitandika jamvi akaingia chini.

"Sijachoka," alimwambia. "Usije ukadhani nimechoka. Ila wa kuniambia twende hayupo, Hussen, na nisipotoka mwenyewe, nitarudi kule uliponitoa."

Akaingiza pini. Akafunga kikufuli. Akakaza nati, akatoka kwenda kuvuta mkono, akarudi chini akakaza tena, mpaka mkono ule ukalia kra-kra mara sita na kusimama imara kama Ambrosi alivyosema. Chai aliyoiacha jikoni ilikuwa haijachemka.

Abdulrazak alikuja baada ya swala na kifurushi cha unga wa muhogo. Alimkuta Zuwena garini, amelisimamisha kwenye mteremko wa lango, pua imeelekea barabarani. Zuwena alizima injini mbele yake, akaacha gia huru, akavuta hendibreki, akateremka. Gogo lilikuwa barazani, mbali. Abdulrazak alizunguka gari, akainama kuchungulia matairi, akasukuma kwa mkono, kisha akageuka akasukuma kwa mgongo mpaka kofia ikamvuka. Gari kimya.

"Nani kakutengenezea?"

"Kaka yako," alisema Zuwena.

Abdulrazak alimtazama kwa huruma, akidhani ni majonzi yanasema. "Mungu amrehemu," akasema. Aliweka unga barazani, akanywa maji, na kama alivyoahidi akarudi kwao kwa basi.

Jumamosi Zuwena alipakia nazi na kwenda sokoni peke yake. Gogo la mkwaju alilikalisha kwenye kiti chake cha zamani, kando yake, kamba imening'inia. Aliendesha polepole, na madereva wa bodaboda walimpita wakimtazama. Kwenye ule mwinuko wa soko, mahali pao pa siku zote, akakanyaga breki ya mguu na kuvuta hendibreki. Ikalia mara sita. Akazima injini.

Ila mguu haukutoka. Alijiambia autoe, haukutoka. Alikuwa anasikiliza. Nyuma yake mlango wa duka ulifunguliwa, mtu akaita jina la mtu, toroli likapita. Muuza dagaa akauliza mama ana shida gani.

Mwisho alitoa mkono nje ya dirisha, akapiga mlango makofi mawili, akaachia mguu. Gari halikusogea hata kidogo.